Bei ya Mandolini ya Mwisho

Letisia alipoitaja bei ile mara ya kwanza, hata yeye mwenyewe ilimshtua. Milioni nne. Aliitaja mbele ya mwalimu wa kwaya aliyetoka Dongobesh, na mwalimu yule akairudisha mandolini, kile kigitaa kifupi, mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemrudisha mtoto mchanga kwa mama yake. Akashukuru kwa chai, akaaga, akapanda pikipiki yake. Letisia akabaki na furaha ya mtu aliyefunga mlango na kuukazia gogo.

Maana hakutaka iuzwe. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na kwa kuwa hakuthubutu kulisema, alilificha kwenye bei.

Mumewe Maximilian alikuwa fundi wa mandolini za umeme pale kijijini Daudi, na mtu asicheke. Watu wakisikia Daudi wanawaza maharage na ngano, na kweli vipo, lakini nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kibanda chenye harufu ya mbao na vanishi ambacho wanakwaya wa wilaya mbili walikijua. Maximilian alianza ujanani kwa kutengeneza redio. Siku moja mtawa mmoja akamletea mandolini iliyopasuka tumbo, naye akaiunga, akaipiga, ikawa ndio mwisho wa redio. Shida ni kwamba kanisani, penye gitaa la umeme, kinanda, na akina mama wenye sauti za kuita ng'ombe walioko bonde la pili, kimandolini cha watu hakisikiki. Basi akabuni zake: mwili wa ubao mzima usio na tumbo, nyuzi nane zilizolala mbilimbili, na chini ya nyuzi sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Sumaku hiyo ndiyo inayoipeleka sauti kwenye spika.

Waya huo aliuzungusha Letisia. Alikuwa fundi cherehani, na aliufunga kwenye gurudumu la cherehani yake, mizunguko maelfu kwa maelfu, kwa sababu ukiuvuta kidogo tu unakatika, na Maximilian hakujaliwa subira hiyo. Kwa hiyo kila mandolini iliyotoka pale ilikuwa na mikono ya watu wawili, ingawa watu walisema tu "ya Maximilian". Letisia hakujali. Ziliuzwa laki tatu na nusu, za kwaya zikilipwa kwa mafungu, na moja ilimaliziwa kwa mbuzi dume mwenye tabia mbaya.

Kisha mikono ya Maximilian ikaanza kutetemeka. Mwanzoni walisingizia baridi. Daktari hakusingizia kitu: dawa zingepunguza mwendo wa ugonjwa, lakini mikono ile ya zamani isingerudi. Ili kulipia matibabu walimpeleka mnadani ng'ombe wao mmoja wa maziwa, na jioni Letisia akarudi na kamba mkononi. Kwao ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Ukiiacha iende na mnunuzi, umempa na baraka ya zizi. Aliitundika kamba ile kwenye msumari kibandani na hawakuizungumzia tena.

Ndipo Maximilian akasema atatengeneza moja zaidi. Mikono yake ilikuwa ikitulia asubuhi kidogo, kabla ya jua kukolea, na muda huo mfupi ndio aliokuwa nao. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Ilipokamilika, hata kuku walioingia kibandani walionekana kuiheshimu. Ilikuwa nyembamba, rangi ya asali iliyokolea, na mkanda wake wa ngozi ya mbuzi Letisia alikuwa ameulainisha kwa samli mpaka ukawa laini kuliko kitenge. Binti yao Judica, aliyekuwa akifanya kazi Arusha, alipotumiwa picha alipiga simu kusema kwamba huko nje, mandolini ya umeme iliyotengenezwa kwa mkono namna hiyo haikamatiki, watu wanalipa milioni saba, hata nane. Maximilian alicheka mpaka akakohoa. Baadaye, alipokuwa amekaa na mkewe, akasema jambo ambalo Letisia hakulisahau.

"Mama Judica, hii ndiyo ya mwisho. Nataka nione mtu akiinunua kwa bei ya kitu kizuri. Mara moja tu."

Kupanga bei kulikuwa kazi ya mke tangu zamani, kwa sababu mume angeachiwa angegawa bure. Letisia akapanga milioni nne. Aliona Maximilian atadhani amemsikiliza Judica. Kumbe alitafuta kiasi ambacho hakuna mtu wa Mbulu wala Hanang angekitoa kwa kitu kifupi kuliko mpini wa jembe. Mandolini ingebaki ukutani, na siku ambayo mikono ile itakuwa imelala kabisa, yeye angekuwa na kitu cha kushika ambacho mikono hiyo ilikifanya ikiwa hai. Aliona ni haki yake. Alikuwa amezungusha waya kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi kubakiwa na hata moja.

Wateja wakaja. Akaja kijana wa bendi kutoka Mogitu, akaisikia bei, akaomba apigwe picha nayo basi. Akaja katekista mmoja, akauliza kama hiyo milioni nne ni pamoja na shamba. Kila aliyekuja aliondoka mikono mitupu, na kila mara Maximilian alitoka kibandani, akamtazama mkewe usoni, akarudi ndani bila kuuliza. Kizuri chajiuza, watu husema, ila hawasemi kinachukua muda gani, na anayesubiri hupata nafasi ya kufikiri mengi.

Siku moja wakiwa wanapukuchua mahindi, Maximilian akamwambia aishushe.

"Laki tatu na nusu," alisema. "Nadhani ndiyo thamani yangu. Tusijidanganye."

Letisia akainama kwenye mahindi ili mumewe asimwone uso. Sasa alikiona alichokifanya. Bei aliyoiweka ili asimpoteze mumewe, mumewe alikuwa anaisoma kama hukumu. Akiishusha, mandolini itaondoka wiki hiyohiyo, na Maximilian ataamini laki tatu na nusu mpaka kaburini. Asipoishusha, ataendelea kunywea siku hadi siku. Akasema tu kwamba bei haishuki, kwa ukali usiohitajika, akainuka kwenda shambani kugombana na magugu.

Na kosa lingine alilijua pia. Tangu waoane, hakuwahi kumsifu. Bibi yake alimfundisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye akaishika methali ile kuliko amri za kanisa. Kazi nzuri aliipokea kwa kusema "haya", na iliyo nzuri sana akasema "haya, njoo ule". Maximilian alizoea. Au yeye Letisia alijiambia kwamba amezoea.

Farouk alikuja baada ya mavuno ya vitunguu saumu. Alikuwa mfanyabiashara wa Katesh, mtoto wa ukoo wa wenye maduka, na alipiga muziki kwenye harusi kwa mapenzi kuliko kwa pesa. Akamwamkia Letisia shikamoo akiwa bado getini, akaingia, akanywa chai yote bila haraka, akaulizia hali ya mzee, mvua na watoto. Letisia akaanza kuwa na wasiwasi. Mtu mwenye adabu namna hiyo anakuja kununua.

Akampa mandolini, akaiunganisha na spika ndogo iliyokuwa sebuleni. Farouk hakuonyesha ufundi. Alipiga wimbo wa harusi wa polepole, kisha akaacha uzi mmoja ulie mpaka uishe wenyewe, ameinamisha kichwa. Halafu akauliza bei, akaambiwa, na wala hakushtuka. Akasema milioni mbili. Letisia akakataa. Akasema mbili na nusu, akapanda mpaka tatu, akitabasamu, kama anayenunua magunia. Letisia akaona huyu akiachwa atafika. Akaamua amweleze ugumu wa kitu chenyewe, aelewe kwamba hakuna nafasi ya kupunguza, akate tamaa aende zake.

"Mwanangu, sikiliza," alisema. "Hiyo shingo ni mti wa loliondo. Imekaa juu ya dari la jiko langu miaka sita ikila moshi, haina mahali pa kupinda tena. Hapa pembeni amepachonga ili mkono wako ufike juu bila kukunja kiwiko kama bawa la kuku. Amekata mara tatu. Mbao mbili za kwanza nimepikia maharage, na mtu mwingine angeziuza. Hivi vidoti vyeupe vya shingoni ni mfupa wa ng'ombe. Vidogo, eeh? Kila kimoja ni asubuhi nzima, kwa sababu mikono yake inatulia asubuhi tu. Kikipinda anakitoa, anangoja kesho. Nilikuwa namwona kupitia dirisha, namwacha. Waya wa ndani nimezungusha mimi, na mimi najua mkono wa fundi. Nimeona vitu vya madukani, nimeona vya kutoka nje kwenye simu ya binti yangu. Hakuna anayetengeneza kama huyu mzee. Hayupo. Milioni nne ni bei ya huruma, na baada ya hii hakuna nyingine."

Alipofika hapo akagundua kwamba sauti yake imepanda na macho yamejaa machozi. Akageuka atafute upande wa khanga wa kujifutia, na mlangoni akamkuta Maximilian. Alikuwa amesimama ameshika fremu ya mlango, na hakuna ajuaye alikuwa amesikia kuanzia wapi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati wa wageni.

Farouk naye akawatazama wote wawili. "Mama, hapo umenimaliza," alisema. "Nalipa nne."

Bado ilikuwepo nafasi ya kukataa. Letisia angeweza kusema kuna mteja wa Arusha, angeweza kusema chochote. Lakini alimtazama mumewe akijinyoosha mgongo, taratibu, kama zamani alipotoka kanisani kwaya ikiwa imepiga mandolini zake, na moyo ukamuuma na kufurahi kwa pamoja. Akaitika kwa kichwa. Farouk akatoa simu, akatuma pesa, na simu ya Letisia ikalia juu ya meza. Maximilian akaomba aonyeshwe ujumbe. Akausoma, akavaa miwani, akausoma tena.

Farouk alipoinuka na kuivaa mandolini begani, mzee akamwomba asubiri. Akaisogelea, akashika kifungo cha mkanda. Vidole vikakataa. Letisia akaelewa, akaja akashika kifungo, na Maximilian akaubeba mwili wa mandolini asiiangushe. Walifungua pamoja, ncha moja kisha nyingine.

"Mwanangu, utatafuta mkanda mwingine," Maximilian alimwambia Farouk. "Sisi ng'ombe tunauza. Kamba inabaki."

Farouk alikuwa mtoto wa Katesh, hakuhitaji kuelezwa. Akaipakata mandolini kifuani, akaaga kwa heshima, akaenda.

Wawili wale wakaingia kibandani. Benchi lilikuwa limefagiliwa muda mrefu na randa ilikuwa imelala ubavu. Letisia alikuwa bado ameshika mkanda.

"Nilijua hutaki iondoke," Maximilian alisema. "Tangu siku ile ya milioni nne. Wewe hata mboga hujui kuipandisha bei."

"Sasa mbona ulitaka niishushe?"

"Kwa sababu nilijua unaizuia kwa ajili yangu. Sikujua kama yenyewe ni nzuri. Hujawahi kuniambia."

Letisia alitaka kusema neno kubwa, neno la miaka thelathini na zaidi. Akautundika mkanda kwenye msumari, juu ya kamba ya ng'ombe, akairudia mikono ya mumewe, akaishika yote miwili, nayo ikaendelea kutetemeka ndani ya yake.

"Haya," akasema. "Ilikuwa nzuri, Baba Judica. Zote zilikuwa nzuri. Njoo ule."