Chaza Aliowala Mama Mkwe

Gari la matangazo lilipita sokoni asubuhi, likasema mazao ya bahari yasiliwe mpaka itakapotangazwa tena, likaenda zake. Basi. Hawakusema mazao gani, hawakusema kwa nini, na hakushuka hata mmoja wao akakanyaga tope letu tumuulize. Bahari ina samaki, ina kamba, ina pweza. Tuache vyote kwa sababu ya spika iliyofungwa juu ya gari? Mpaka leo nikilikumbuka gari lile hasira hunipanda.

Mimi ni muuza chaza wa kuchemsha. Jirani yangu wa meza ni muuza samaki tunayemwita Mkia, kwa sababu hujibakizia mkia wa kila samaki anayemkaanga. Siku ile Mkia alikaanga na akala, kesho yake akakaanga na akala, na alikuwa mzima wa afya, anapiga domo kama kawaida. Tukaona tangazo ni uzushi mtupu. Kumbe samaki wake hawakuwa na neno. Sumu ilikuwa kwenye chaza, maana chaza huchuja maji ya bahari mchana kutwa, na vijimea vyenye sumu vikizidi majini, sumu yao hujikusanya ndani ya chaza, wala haina harufu, wala moto hauiondoi. Daktari alikuja kunieleza hayo kwa muda mfupi tu. Yangeenea vizuri kabisa kwenye spika ile.

Wateja walimwamini Mkia, mimi wakanikimbia. Walipita mbali na meza yangu kana kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza, na wengine ni watu niliokuwa nikiwaongezea kila wanaponunua. Uvumilivu uliponiishia nikabandika sufuria. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Chaza mzima ukimgonga hujifunga, na asiyejifunga hutupwa. Akichemka hufunguka mwenyewe, na asiyefunguka naye hutupwa. Nikanusa mchuzi, nikauonja, ulikuwa safi. Katika kazi yetu hicho ndicho kipimo, na hakuna muuza chaza ninayemjua ambaye asingekiapia. Kisha nikasimama mbele za watu nikala wa kwanza, kama ninavyofanya kwa kila sufuria.

"Haya, nitazameni vizuri," niliwaambia. "Nimekufa?"

Watu wakacheka. Hakununua mtu.

Ndipo mama mkwe akatokea. Alikuwa ametoka kumpelekea mwanawe chakula. Mume wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko upande wa pili wa soko, na hata mimi nimezoea kumwita Fundi. Mama alikuwa ameshaishiwa meno, na kwa kuwa chaza ni laini, alikuwa akisema mwanawe alinioa kwa ajili yake yeye.

"Mbona meza imepoa hivi, mkwe wangu?"

"Wamenisusa, mama. Wanasema nauza sumu."

"Sumu!" Akavuta kigoda akaketi mahali ambapo kila mpita njia angemwona. "Hebu nipakulie. Wakiona kizee kisicho na meno kinakula, wataona haya wenyewe."

"Ngoja wapoe, mama, nikufungie ukale nyumbani."

"Unaninyima?"

Nani angemnyima mama yule? Nikampakulia bakuli. Akala kwa makelele, makusudi, akilamba vidole na kuwakodolea macho wapita njia. Alikula kwa njaa yangu ya wateja, ndivyo ninavyoweza kusema, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshiba. Alipomaliza akaomba tena, nikampa tena.

Ganzi ilinianzia midomoni. Nilidhani ni pilipili, kisha nikakumbuka sikutia pilipili. Vidole vikafuata. Nikageuka kumwambia mama, nikamkuta ameshika taya kwa mikono miwili, anacheka kidogo kwa mshangao.

"Mkwe," alisema, "ulimi wangu umelala."

Niliisukuma sufuria ikamwagika yote chini, asije mtu akagusa. Baada ya hapo miguu ikakataa. Nilimsikia Mkia akikimbia huku akimwita Fundi kwa sauti ya mtoto.

Watu hudhani mgonjwa asiyetikisika hasikii. Kope zangu zilikuwa zimefumba na sikuweza kuzinyanyua, mkono haukuwa wangu, kifua kiligoma kupanda, lakini masikio yalikuwa mazima na akili ilikuwa timamu. Nilisikia magurudumu ya kitanda. Nilihisi mrija ukipita kooni. Nilimsikia daktari akimwambia Fundi kwamba sumu hii haina dawa ya kuikata, kinachotakiwa ni mgonjwa apumulishwe tu mpaka imtoke mwilini, na mashine ya kupumulisha ina mtu mwingine.

"Utaminya mfuko huu," alisema. "Minya, achia. Minya, achia. Usiache hata kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apumue mwenyewe."

Fundi akaminya. Hewa ikaingia. Mikono yake ni ya kukata nguo, ina kipimo, na haikuchukua muda akaipata pumzi yangu ilivyo. Nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku zote nilizokaa naye, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Wifi yangu, dadake Fundi, akaingia analia.

"Kaka, mama ametutoka. Hata kwenye ngazi za hospitali hakufika."

Ndani yangu nililia kama mtu mzima anavyolia akiwa peke yake. Nje hakikutoka kitu, hata chozi. Fundi aliendelea kuminya.

"Alimpakulia yeye?" wifi akauliza. "Kwa mkono wake?"

Fundi aliminya tena, kisha akasema polepole, "Huyu ndiye aliyemuua mama yangu."

Na mkono ukasimama.

Hewa haikuja. Nilingoja, haikuja. Kifua kilianza kuungua na giza la macho yangu likazidi kuwa giza. Nilitaka kumwambia aminye, na nilitaka kumwambia aache, na sijui mpaka sasa ni lipi lililotangulia. Sikumwona mbaya. Nilimwona mama na kile kicheko chake, basi.

Kisha akaminya. Akaminya tena kwa nguvu, haraka haraka, huku akipumua kwa kishindo kama aliyekuwa akinyimwa hewa ni yeye. Wifi alitaka kumpokea, akamkatalia. Wauguzi walitaka kumpokea, akawakatalia. Baadaye ndugu zake wakaja kumwambia maiti imeshaandaliwa, watu wanamngoja mtoto wa marehemu.

"Endeleeni," aliwaambia. "Mzikeni."

Nilianza kutikisa kidole, halafu kope, halafu kifua kikakumbuka kazi yake. Walipoutoa mrija, Fundi alikuwa pembeni na bakuli la uji. Daktari alikuwa amemshika bega mlangoni na kumwonya asinipe habari za kunishtua.

"Mama yuko nyumbani," aliniambia, akiukoroga uji. "Anaendelea vizuri. Anakusalimia sana."

Uso wake ulikuwa umekonda. Angeweza kuniambia mama anacheza ngoma na ningeyapokea, kwa vile alivyojitahidi kutabasamu. Lakini sikuwa na nguvu za kudanganywa.

"Hukwenda kumzika mama," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza.

Kijiko kikabaki hewani.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

Akaliweka bakuli chini, akauangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku.

"Mkono ulichoka," alisema.

Nikamwambia najua.