Visanduku Darajani

Tangu baba mdogo afungue karakana yake ya kompyuta, kitufe kile kilikuwa cha kijivu. Ukiingia kwenye duka la gemu mtandaoni ukachagua gemu yoyote, chini yake unakutana na kitufe hicho na maneno yaleyale: Haipatikani kwa mfumo wako. Mfumo wetu ni Linux. Kompyuta zote za baba mdogo zilikuwa mashine zilizotupwa na maofisi, akazifufua moja moja kwa bisibisi na subira, akaziwekea Linux kwa sababu ni nyepesi na haidai mashine mpya. Duka halikututambua. Tulikuwa kama watu waliosimama nje ya kioo wakitazama wenzao wakila.

Asubuhi ile kitufe kiligeuka kijani. Sakinisha.

"Nani kagusa hii?" baba mdogo aliuliza, kana kwamba kuna mtu kapaka rangi skrini yake.

"Hakuna aliyegusa," dada yangu alisema. "Nilikwambia ni leo. Duka limefungulia watu wa Linux."

Baba mdogo alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kitufe kilikuwa bado kijani. Akavuta kiti.

Mimi nilishindwa kukaa. Miongoni mwa gemu zilizofunguliwa asubuhi ile kulikuwa na yetu, Daraja la Majibu. Dada ndiye aliyeiunda, kila kitu kinachotembea mle ndani kimetoka mikononi mwake. Maneno ni yangu. Ni gemu ya kujibizana kwa mashairi. Kuna mlinzi amesimama darajani, anakutupia ubeti, nawe unachagua jibu kati ya matatu. Jibu likikaa, unavuka. Likipwaya, anakusukuma mtoni. Nimeandika beti za walinzi wote na majibu yote, nimezipima kwa vidole usiku na mchana, na hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Ninalolijua nimejifunza mwenyewe, na sioni haya kulisema.

Sasa sikia kioja chetu. Gemu tuliitengeneza kwenye Linux, lakini duka lilikuwa linauza toleo la mfumo mwingine tu. Watu wa mbali wakaicheza. Mtaa wetu haukuiona hata siku moja. Nilimwomba baba mdogo niilete kwenye flashi, akakataa katakata.

"Itaingia kwa mlango wa mbele," alisema. "Siku duka likituhesabu kuwa watu, nitaisakinisha mwenyewe, kila mtu akiona."

Na kinyozi, ambaye kibanda chake kimeegemeana ukuta na karakana, akapata la kusema kila nilipopita. "Huyo malenga wa hewani. Mashairi yake yapo, ila hayaonekani. Kama pepo."

Ndiyo maana nilitaka siku hii zaidi ya chakula. Nilitaka kinyozi asome. Wageni elfu wakinisifu, asiposoma yeye, nilijiona bado sijaandika.

Nilimwita. Nilitoa kichwa dirishani nikasema, "Kinyozi, njoo uone pepo."

Akaja na mashine yake ya kunyolea mkononi, inanguruma. Nesi wa mtaa wetu naye alikuwapo, ametoka zamu, amekuja kuchukua kompyuta yake iliyokuwa na tatizo la betri. Wateja wengine wawili watatu wakasogea. Baba mdogo akabonyeza kijani kwenye kompyuta ya kwanza, akahamia ya pili, akazipitia zote mpaka ukutani, anabonyeza kama mtu anayewasha taa za harusi. Mistari ya kupakua ikaanza kujaa. Kinyozi akazima mashine yake.

Gemu ikafunguka. Muziki wa dada, mto wa dada, ukungu wa dada, daraja. Mlinzi akatoka na mkuki wake, akainua mkono, akafungua kinywa.

Vikatoka visanduku.

Visanduku vitupu, vidogo, vya mraba, mstari baada ya mstari. Mlinzi alisimama kwa fahari, ubeti mzima umeelea juu ya kichwa chake, na hakuna herufi hata moja. Chini, yale majibu matatu ya kuchagua, visanduku. Nilitazama kompyuta ya pili. Visanduku. Ya tatu, visanduku.

Kinyozi aliinama mpaka pua ikakaribia skrini. Akasoma, au akajifanya anasoma, huku kidole kikifuata mistari. Kisha akanyooka.

"Nimesoma," alisema. "Ni kazi nzito. Hasa pale kati."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Nesi alijiziba mdomo kwa kitambulisho chake. "Dada," nilisema, na sauti ikanitoka nyembamba.

Dada alikuwa ameshafungua kompyuta yake ya mapajani. Kwenye hiyo, gemu ilisomeka vizuri, neno kwa neno. Akaitazama, akazitazama za baba mdogo, akajipiga kofi pajani.

"Herufi zako," alisema. "Mdogo wangu, ni zile herufi zako."

Hapo nikaelewa. Nilikataa katakata mashairi yangu yaandikwe kwa herufi za kila mtu. Nilizichora kwa mkono wangu, a mpaka z, na dada akazigeuza kuwa fonti, akazipa namba zake mwenyewe ambazo hakuna kompyuta nyingine inayozijua. Kwenye toleo la zamani alizifungasha ndani ya gemu. Kwenye toleo la Linux hakukumbuka, kwa sababu kompyuta yake na yangu, zote mbili za Linux, zilikuwa na herufi hizo tangu siku ya kwanza. Gemu ilikuwa inaziazima humo kimyakimya. Tulijaribu mara ngapi sijui, na kila mara tulijaribu nyumbani kwetu.

"Kwani dukani hawakukagua?" baba mdogo aliuliza.

"Walikagua kama inafunguka na kufungika," dada alisema. Vidole vyake vilikuwa tayari vinakimbia. "Nani kule anajua mlinzi alitakiwa kusema nini?"

Simu yangu ikatetema. Maoni ya kwanza kutoka kwa mchezaji asiyenijua: "Gemu nzuri kwa macho. Ila wahusika wanaongea matofali."

"Inachukua muda gani kurekebisha?" niliuliza.

"Kurekebisha nimemaliza. Nimepakia. Tatizo ni foleni ya dukani, leo kila mtu anapakia." Aligeuza skrini nione. Kiduara kinazunguka, chini yake neno moja: Subiri.

Nikasubiri kama mtu aliyekalia misumari. Nikamwona kinyozi anavuta kiti mbele ya kompyuta ya kwanza, nikajua kejeli bado haijaisha.

"Huyu mlinzi ananitukana," alisema, "na mimi sijui kaniambia nini. Siwezi kunyamaza. Angalia, huku visanduku, katikati kuna pengo, huku visanduku tena. Mistari mitatu, na wa nne. Hili umbo nalijua. Basi jibu langu hili hapa." Akaanza kugonga meza kwa mashine ya kunyolea, tena polepole, akitafuta:

*Mimi hapa ni kinyozi, nakata hata maneno,*
*Sihitaji kiongozi, wala kushikwa mkono,*
*Fungua njia mlinzi, nisikunyoe kwa meno,*
*Nimesema nimekata, anayebisha akae.*

Akabonyeza jibu la katikati bila kulijua. Mlinzi akatikisa kichwa, akapisha njia.

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatoka juu ya rafu. Kinyozi mwenyewe alishangaa. Aligeuka kunitazama.

Niseme kweli, nilikasirika. Nilihesabu mizani kwa vidole nyuma ya mgongo nikitafuta kosa. Sikulipata. Mtu huyu, tena papo kwa papo, kwenye shimo nililoliacha mimi.

"Sogea," Nesi akamwambia. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pili, viatu amevua. Mlinzi wake naye alimwaga visanduku. Nesi akamwacha mlinzi, akamgeukia kinyozi:

*Kinyozi wacha kelele, foleni yako ni ndefu,*
*Unanyoa watu mbele, kisogo kiko kichafu...*

"Malizia," watu wakasema.

"Namalizia nini, ushahidi huo hapo mlangoni."

Tukageuka wote. Mlangoni alisimama mteja wa kinyozi, shuka la kunyolea limefungwa shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu kichaka. Alikuwa amesahauliwa kwenye kiti.

"Mimi nauliza tu," mteja alisema kwa upole, "kama kuna msiba, niambiwe."

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, hasira yangu ikapata upenyo, nikajikuta nacheka pia. Kila kompyuta sasa ilikuwa na mtu. Kila mtu alikuwa anamjibu mlinzi asiyesomeka. Huyu anakosea mizani, yule anamrekebisha. Mwingine akamalizia kila mstari kwa neno lilelile, akazomewa akaanza upya. Sikuwahi kusikia kelele kama ile juu ya mashairi. Nilikuwa nimeandika miaka yote nikiwa peke yangu mezani, kimya, mlango umefungwa.

"Malenga," kinyozi aliita. "Na wewe njoo ujaze chako. Au wewe bila kalamu huwezi?"

Kabla sijafungua kinywa, dada akasema taratibu, "Imepita."

Kiduara kilikuwa kimeondoka. Kwenye kona ya kila skrini kikatokea kimshale kidogo cha sasisho. Kompyuta ya kwanza ikajifunga, ikajifungua. Ukungu, mto, daraja. Mlinzi akainua mkono, akafungua kinywa, na maneno yakatoka, kwa herufi zangu, mkia wa kila *g* umepinda jinsi nilivyoupinda mimi. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Visanduku vilikuwa vinapasuka kuwa maneno kutoka kompyuta moja hadi nyingine mpaka ukutani, na kelele ikafa, maana watu walikuwa wanasoma.

Kinyozi alisoma kwa sauti. Hakuigiza, hakuvuta maneno:

*Wewe mgeni ni nani, bila hodi wanipita?*
*Una neno gani ndani, ulilokuja kuleta?*
*Kama huna la kinywani, rudi nyuma bila vita,*
*Daraja hili halina, njia ya mtu wa kimya.*

Akakaa. Akausoma mstari wa mwisho tena, midomo tu ikicheza.

"Huu ni wako?"

"Wangu."

"Huu wa mwisho umekaa," alisema.

Nimesifiwa na watu wenye vyeo tangu hapo. Bado ni maneno hayo ninayoyakumbuka ninapoamka.

Kisha akashuka kwenye majibu matatu, akayapitia yote, akakunja uso. "Ila wangu umeenda wapi?"

"Wako upi?"

"Ubeti wangu. Ulikuwa hapa." Alidonoa jibu la katikati kwa ukucha. "Nilivuka nao. Sasa hapa kuna maneno yako. Mazuri, sikatai. Lakini mimi nilishamjibu huyu bwana, na sasa nalazimishwa kumjibu kwa mdomo wako."

Hakuwa anatania. Nesi naye alikuwa anatazama skrini yake kama mtu aliyerudi akakuta kiti chake kimekaliwa. Karakana yote ilikuwa inabonyeza, jibu la kwanza, la pili, la tatu, wanavuka daraja langu kwa adabu, kimya. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, kila mtu ananisoma. Na raha ilikuwa inatoka chumbani kama hewa kwenye gurudumu.

Nilijua la kufanya, na halikuniuma. Mlinzi wangu anajigamba kwamba hapiti mtu wa kimya. Basi apambane na watu. Kumshinda kwa majibu yangu mwenyewe ni kama kujipiga mieleka.

"Dada," nilisema, "rudisha visanduku."

Alinyanyua kichwa polepole. "Sema tena."

"Siyo vyote. Jibu la nne. Liwe tupu, na mtu aandike lake. Mizani ihesabiwe, vina viangaliwe. Likikaa, avuke."

"Nimetoka jasho kuvitoa, sasa hivi, mbele yako."

"Najua."

"Wewe mtu," dada alisema, lakini tayari alikuwa amefungua faili la majibu. Namjua. Akitukana huku anaandika, ameshakubali. "Na kama watu wakimshinda mlinzi wako kuliko unavyomshinda wewe?"

"Wajaribu," nilisema. "Nani anaogopa?"

Baba mdogo alisogeza kiti akakaa karibu naye, kuchunguza hesabu ya mizani, maana kazi ya kuhesabu silabi si ya mchezo, *m* peke yake ina mambo yake, mara ni silabi, mara siyo. Mimi nikawatajia vina. Nesi alikuwa amesahau betri yake. Wachezaji wa mbali nao waliendelea kuandika, na yule wa matofali akafuta maneno yake akaandika mapya: "Sasa wanaongea. Na wananisema vibaya. Nimesukumwa mtoni mara sita, sitoki."

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa chumba sasisho la pili lilipofika. Kinyozi alikuwa amerudi kibandani kumalizia kichwa alichokianza, tulisikia mashine inanguruma ng'ambo ya ukuta. Kompyuta ya kwanza ikajifungua. Ubeti wa mlinzi ukatokea. Chini, majibu yangu matatu, na chini yake visanduku vitupu, na kimstari kinawaka na kuzima mwanzoni mwa kile cha kwanza.

Mngurumo wa ng'ambo ukakatika ghafla.

Nilidhani ni kinyozi anakuja. Kumbe ni mteja wake. Aliingia na shuka lilelile shingoni, kichaka bado kimebaki upande mmoja juu ya sikio, akavuta kiti mbele ya kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa.

"Nimekuwa nikimtungia huyu mlinzi tangu asubuhi," alisema, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Kinyozi alisimama mlangoni na mashine yake imezimwa, akanyoosha shingo kuona. Nami nikasogea nyuma ya kiti, nahesabu kimoyomoyo. Nane. Pengo. Nane. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, akateremsha mkuki, akapisha.