Maneno Yalipomkimbia Murdo Rankine

Enzi zake, Murdo Rankine aliweza kukutukana mbele ya wenzako wote, nawe ukatoka pale ukijiona umepewa zawadi. Mimi ni shahidi. Nilikuwa beki wake wa kati hapa Kilmorran, mji wetu wa viwanda vya sufu, magharibi mwa Uskochi. Siku moja tulikuwa tunacheza mjini Dundee, tumeshafungwa mawili kabla ya mapumziko, na yote mawili kwa uzembe wangu. Murdo aliingia chumbani taratibu, akapokea kikombe cha chai kutoka kwa mama aliyekuwa akituhudumia, kisha akanigeukia.

"Struan," akasema, "vua njumu zako umpe huyu mama. Tangu asubuhi amekimbia kuliko wewe."

Chumba kizima kilicheka. Mama wa chai alicheka, na mwishowe hata mimi nikacheka, masikio yakiniwaka moto. Nilirudi uwanjani nikitamani kumtafuna mtu. Nilifunga kwa kichwa, tukashinda tatu kwa mbili, na kwenye basi la kurudi Murdo alikuja kukaa nami, akanimegea nusu ya pai yake ya nyama, akaniuliza habari za mgongo wa baba yangu. Mpira hakuugusia kabisa.

Ndivyo alivyokuwa. Alijua nani wa kuchokozwa na nani wa kushikwa bega. Kipa wetu Erskine hakuwahi kukaripiwa hata mara moja, maana Murdo aligundua mapema kwamba yule bwana akipandishiwa sauti huumwa tumbo. Kwa namna hiyo, na kikosi cha watoto wa mafundi bomba na madereva wa malori, alizinyang'anya kombe timu kubwa za Glasgow. Waandishi wa habari walikuja na maswali yao makali, wakaondoka wakijifuta machozi ya kicheko, wamesahau walichotaka kuuliza. Mchungaji wetu alikuwa akimtaja kwenye mahubiri, na hakuna aliyeona ajabu.

Halafu England wakamchukua. Klabu ya kwanza aliipa kombe. Ya pili ilimfukuza kabla ya Krismasi. Ya tatu ilimfukuza kwa barua pepe. Baadaye alikaa miaka kadhaa nyumbani, akiitwa mara mojamoja kwenye televisheni kutoa maoni, mpaka nako wakaacha kumpigia simu. Kilmorran ilipokuwa inachungulia kushuka daraja, mwenyekiti wetu, Bi Ailsa Cargill, alimwomba arudi. Umri wake ulikuwa umeshavuka sitini. Watu walijipanga barabarani kwenye mvua kumpokea, akashuka garini akiwaita wazee kwa majina yao ya utani. Mimi wakati huo nilikuwa kocha msaidizi. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wiki za kwanza tuliponea kwenye furaha ile. Kisha nikaanza kuona mambo. Alisimulia kisa cha kasisi na mbwa wake, kisa ambacho zamani kilitulaza chini kwa kicheko saa nzima kabla ya fainali. Vijana walimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Mmoja alitabasamu. Mwingine aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama mbwa alipona. Murdo alisimama pale na mdomo wake ukiwa tayari kucheka, akakosa wa kucheka naye.

Basi akawa anaongeza nguvu. Alipoona mzaha haushiki, aliurudia kwa sauti kubwa zaidi. Alipoona ukali haushiki, aliongeza ukali. Majina ya wachezaji aliyajua, lakini nyuma ya majina hakujua kitu. Winga wetu Fraser Tulloch, kijana aliyekuwa roho ya timu, alipata mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akawa hospitali, mapafu hayajakomaa. Nilimwambia Murdo. Aliitikia kwa kichwa huku akitazama mechi kwenye kompyuta, akasema kila mtu ana watoto.

Jumamosi hiyo tulikuwa nyumbani. Tulloch alicheza kama mtu anayetembea usingizini, na mapumziko yakatukuta tumefungwa mawili. Murdo aliingia chumbani taratibu, namna ileile. Nilipomwona anatafuta mtu kwa macho, nilijua anachokitafuta. Mama wa chai hayupo siku hizi. Alikuwepo mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole, anagawa chupa za vinywaji.

"Tulloch," akasema Murdo, "vua njumu zako umpe huyu dada. Amekimbia kuliko wewe."

Hakuna aliyecheka. Yule dada aliinamisha uso. Tulloch alimtazama Murdo kidogo, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua njumu, akaziweka vizuri chini ya benchi. Alivaa viatu vyake vya kawaida, akachukua koti, akatoka.

"Atarudi," Murdo alituambia. "Huyo sasa nimemwasha. Mwacheni."

Tulingoja. Mwamuzi aligonga mlango, akagonga tena. Murdo alikuwa bado anatazama mlango wa pili, ule wa kutokea nje, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetegemea ngazi akakanyaga hewa. Ilibidi mimi nimwambie mchezaji wa akiba avue koti. Tulifungwa manne.

Baada ya mechi, mwandishi mmoja mwanamke alimuuliza kama bado anawaelewa wachezaji wa leo. Zamani angemjibu kwa neno moja, na neno hilo lingerudiwa baa zote za mji. Safari hii alimwambia aende akapike. Alijaribu kuomba radhi, akaomba vibaya, akazidi kuzama.

Bi Cargill aliniita Jumatatu. Alisema mechi inayofuata itakuwa ya mwisho kwa Murdo, na baada yake timu itakuwa yangu. Alitaka kumwita ofisini. Nilimwomba aniachie mimi, akakubali haraka, nikaona kwamba naye alikuwa anauogopa mzigo huo.

Mke wa Murdo, Effie, alinifungulia mlango, mikono ikinuka vitunguu. Alinishika mkono kabla sijaita.

"Yuko bafuni," akanong'ona. "Subiri kwanza, Struan. Anazungumza na timu."

Nilimsikia. Kupitia mlango ule, juu ya sauti ya maji, Murdo Rankine alikuwa akihutubia chumba kilichojaa watu. Alikuwa anataja majina: Erskine, mimi, wenzetu wa zamani. Na alikuwa hodari. Wallahi, alikuwa hodari kama siku ya kwanza. Nilisikia mwili wangu unasisimka, mimi mtu mzima mwenye magoti mabovu, nikatamani kuingia uwanjani. Effie alirudi jikoni akakoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Murdo alipotoka na kuniona, hakuuliza nimefuata nini. Aliketi, akakunja taulo juu ya magoti.

"Umetumwa," akasema.

"Nimeomba kuja mwenyewe, bosi."

"Lini?"

"Jumamosi. Baada ya mechi."

"Anakuja nani?"

Niliinamisha macho, akajua. Alinipiga begani kidogo, akasema ni vizuri, afadhali mimi kuliko mgeni. Tulikunywa supu. Effie alizungumza habari za binti yao aliyeolewa kisiwani. Halafu Murdo akaweka kijiko chini.

"Niambie kitu kimoja, na usinipake mafuta," akasema. "Mimi niliwahi kuwa hodari kweli? Au mlikuwa hodari ninyi, mimi nikawa napiga domo tu?"

"Sisi tulikuwa watu wa kawaida, bosi. Baada yako hakuna hata mmoja wetu aliyefika popote. Unajua."

Alisukuma bakuli lake kando.

"Basi kile kipawa kimekwenda wapi?" akauliza. Aliuliza kama mtu aliyepoteza funguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Nafungua mdomo, Struan. Maneno ni yaleyale. Mimi ni yuleyule."

Effie aliinuka akaenda kusimama dirishani.

Jumamosi alivaa suti yake nzuri. Tulloch alikuwa amerudi kikosini. Mtoto alikuwa ameanza kupumua bila mashine, na safari hii Murdo alikuwa ameuliza habari zake mwenyewe. Alimwendea, akamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa maneno machache, ya kweli. Tulloch alisema, "Haina shida, bosi," akampa mkono, akaendelea kufunga kamba. Hakuwa na kinyongo. Nadhani kinyongo kingemuumiza Murdo kidogo tu, lakini adabu ile ilimmaliza.

Kisha akasimama katikati ya chumba ili aseme nao mara ya mwisho. Macho yote yalimtazama. Alivuta pumzi. Akasugua mikono. Nikaona midomo inacheza na hakuna kinachotoka.

"Sema nao wewe," akaniambia.

Mimi si msemaji. Niliwaambia nani amkabe nani, kona zichezwe vipi, mipira mirefu aiangalie nani. Walinisikiliza. Walitikisa vichwa, wakauliza maswali, wakatoka wakijua la kufanya. Tulishinda mbili bila, Tulloch akifunga la pili. Uwanja mzima uliimba jina la kijana huyo. Murdo alisimama kando yangu akipiga makofi, anapiga kwa moyo kabisa, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. Filimbi ya mwisho ilipolia nikageuka kumkumbatia. Alikuwa ameshaondoka.

Hakukanyaga tena pale uwanjani. Timu ilibaki ligi kuu, kwa shida, na wakati wa kiangazi Murdo na Effie wakauza nyumba ili wakaishi karibu na binti yao. Niliwapeleka mimi kwa gari mpaka bandarini. Tulikuwa kwenye foleni ya feri, kioo kimeshushwa, mvua nyepesi, Murdo yuko kiti cha nyuma na Effie, anakula chipsi kwenye karatasi. Mzee mmoja wa kupanga magari alituonyesha tusogee, akatazama ndani, akasimama. Alimkodolea macho Murdo, uso ukaanza kung'aa.

"Samahani, mzee mwenzangu," akasema. "Wewe si Murdo Rankine? Yule wa Kilmorran?"

Kulikuwa na wakati ambapo swali hilo lingetuchelewesha feri mbili. Angeshuka garini, angemuuliza yule mzee jina lake, la mkewe, na timu anayoshabikia, angemtania mpaka foleni yote ikacheka. Nilimtazama kwenye kioo cha kuonea nyuma. Kweli aliinua kichwa. Kweli akafungua mdomo.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Wengi huniambia tunafanana."

Yule mzee alicheka kidogo, akaomba radhi, akatupungia tupande. Effie alimshika Murdo mkono uliokuwa na mafuta ya chipsi, akaupakata mapajani mwake, nami nikatia gia.