Barua ya Vidukari

Saa saba mchana Alfani alikaa chini ya mihopsi, nyuma ya jiko la hoteli moja ya Diani, akafungua viazi karai vyake vilivyofungwa gazetini. Bwaloni hakuruhusiwa. Humo hula wenye barua ya ajira, na yeye alikuwa kibarua, mwaka wa tisa huu, barua yenyewe hajainusa hata harufu.

Hopsi ni mmea utambaao kambani kama mtambuu, na maua yake hutia bia uchungu. Alfani hanywi. Aliambiwa maua hayo hutiwa ndani ya mito ili wageni wapate usingizi, naye akaamua kuamini. Meneja Mulinge alikuwa amemwahidi: "Mzee, hizi maua zikitoka fiti, barua yako nasaini siku hiyo hiyo."

Basi kabla hajatia kiazi kinywani, Alfani alisema, "Karibuni." Hapakuwa na mtu, lakini mzaliwa wa Msambweni hali bila kukaribisha. Na anayekaribishwa, akiwa na adabu zake, hujibu "Starehe" akapita. Vidukari, wale wadudu wafyonza majani, waliokuwa chini ya jani hawakujibu starehe. Walijibu "Ahsante," wakapiga bismillahi, wakaanza kula. Viazi hawakuvigusa, walikula hopsi.

Kesho yake majani yalikuwa yamejikunja na yananata, na sisimizi wameshafika kuramba ule utamu. Alfani aligeuza jani akawaona: wadogo, wa kijani, laini, wamejipanga kama watu wa karamu mkekani. Akawapulizia maji ya sabuni. Wakanawa, na mmoja akaomba taulo. Alasiri akatwanga mwarobaini, akauloweka, akauchuja, akawanyunyizia. Wakaunywa, homa za watoto wao zikakatika, na kabla ya magharibi wakawaita jamaa zao wa Kibuyuni.

"Si uwaue tu?" akauliza mkewe, Twaiba, alipohadithiwa nyumbani.

"Nimewakaribisha kwa kinywa changu. Mgeni nitamuuaje?"

"Kesho wanatimiza siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na jembe si unalo?"

Alfani akajiona mjinga, na kweli alikuwa mjinga kidogo.

Asubuhi aliwakabidhi jembe. Wakalipokea kwa heshima, kwa miguu yote sita, wakalinyanyua elfu kadhaa kwa pamoja. Walipalilia, wakatia samadi, wakakaza kamba zilizolegea. Anayeshinda na jembe hana nafasi ya kudokoadokoa, kwa hiyo majani yakapona, na baada ya wiki tatu maua yakatoka, yamejaa, kila kamba imeinama.

Mulinge akaja kuyaona. "Wah! Hii kazi ni ya nani?"

Alfani angeweza kusema ni yake. Kinywa alishakifungua. Lakini mamake hakumlea kusema uongo, hasa mbele ya wenyewe wakisikia.

"Ni ya vidukari, bwana."

Mulinge akainama, akageuza jani, akawatazama. "Wako hapa tangu lini?"

"Wiki ya nne sasa."

"Hawa ndio watu serious," akasema Mulinge. Akaingia ofisini, akatoka na barua yenye muhuri, akawasomea: likizo, matibabu, chakula cha mchana. Vidukari wakaitikia "Inshallah" kila kifungu.

"Na yangu, bwana Mulinge?"

"Yako iko kwa process, mzee. Vumilia kidogo."

Roho ilimuuma Alfani, asikudanganye mtu. Alikunja mpira wa maji, akaukunjua, akaukunja tena.

Saa saba kengele ya bwalo ikalia. Alfani akakaa pale pale, akafungua gazeti lake. Vidukari wakashuka kambani, kila mmoja na kitambulisho kifuani, wakapanga foleni ya kwenda kula.

"Karibuni," akasema Alfani.

"Starehe," wakajibu, wakapita.