Mguu Uliotoka Banda Lingine

Usiku wa jana niliota ng'ombe wangu Sikudhani ameketi mlangoni mwa banda, amevaa miwani ya daktari wa mifugo. Ukutani pamebandikwa lile agizo ambalo daktari ametuchosha nalo tangu ng'ombe wa kijiji waanze kuharisha: mguu uliotoka banda lingine usiingie.

Wageni wamejipanga, wanatii. Kila mmoja anazungusha magoti, anachomoa miguu yake, anaiegemeza kwenye uzio, kisha anaingia kwa makalio. Miguu inabaki nje inapiga soga kuhusu uhaba wa pumba.

"Nimebaki mimi tu," Sikudhani ananiambia. "Wenzangu wanamwaga maji nyuma na maziwa yamekauka. Mimi nina mimba. Sitaki mchezo."

Namwelewa. Uji wa wanangu unatoka kwenye chuchu zake.

Mara banda linakuwa ukumbi wa harusi. Anaingia baba mkwe na miguu yake yote miwili. Juu ya buti lake la kulia amekaa kirusi, amevaa tai.

"Mimi sina miguu," kirusi ananieleza kwa adabu, "kwa hiyo agizo halinihusu. Mkwe wako amenipa lifti. Tunatoka kwa jirani kutoa pole."

Sikudhani ananiamuru nimzuie mzee. Lakini kwetu Unyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi, naye mzee vilevile. Akitokea, unajificha. Najificha nyuma ya ndoo ya kukamulia. Ndoo inanisifu kwamba nimelelewa vizuri. Ukumbi mzima unapiga makofi, na kirusi anapiga kuliko wote, anasema vijana wa siku hizi wangekuwa na heshima kama yangu, kazi yake ingekuwa nyepesi sana.

Sikudhani hapigi makofi. Anavua miwani.

"Basi nitamwambia mwenyewe," anasema, na anaanza kumfokea mzee kwa maneno ambayo mimi mkwe siwezi kuyarudia.

Nikazinduka. Kulikuwa kumekucha. Nilikimbilia bandani nikamkuta Sikudhani anacheua, na kinyesi chake kiko vilevile kizito kama ugali. Nilikifurahia jamani, sijawahi kufurahia kinyesi hivyo.

Ndipo nikasikia kikohozi cha baba mkwe kikija kutoka upande wa jirani. Mwili wangu tayari ulikuwa umeshageuka kutafuta pa kujificha. Nikaushikilia pale mlangoni, uso nimeuinamisha.

"Baba, usiingie na mabuti."

Tangu niolewe sikuwahi kumsemesha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikachungulia kwa pembeni. Mzee alikuwa peku kwenye matope ya baridi, mabuti ameyaacha kule njiani. Aliigeukia nguzo ya uzio.

"Nguzo," aliiambia, "mwambie mke wa mwanangu nimeshavua. Ng'ombe wake amenifokea usiku kucha."