Jina la Kwanza Kwenye Programu

Ukiwasha kompyuta ya Linah pale Olenguruone, ulikuwa na wakati wa kutosha kukama ng'ombe mmoja, kuchuja maziwa na kurudi kuikuta bado inafikiria. Wateja walimtania hivyo, naye alicheka nao. Lakini ole wako ukimwambia ainunue nyingine.

Duka lake lilichapa kila kitu, ila riziki yake hasa ilikuwa programu za mazishi. Upande ule wa Mau hakuna mtu anayezikwa bila programu. Ndani yake mna picha ya marehemu, historia yake, na majina ya watoto kwa mpangilio, wa kwanza hadi kitinda mimba. Msimamizi wa shughuli huisoma kama sheria, na watoto huitwa kaburini kutupa udongo kwa kufuata karatasi ile. Jina lako lisipokuwemo, nawe humo.

Khaemba, fundi aliyekuwa akipanda kutoka Nakuru kutengeneza mashine za mjini pale, alikuwa amemwambia mara nyingi.

"Mathe, hii mashine imechoka. Tutoe hii diski ya zamani tuweke SSD, tuongeze RAM, itawaka kabla umalize kukaa. Ama ununue ingine kabisa, usahau hii."

"Nitafikiria, Khaemba."

"Umefikiria miaka tatu sasa."

Miaka mitatu ndiyo iliyokuwa imepita tangu amzike mumewe, Kipkemei. Ndiye aliyeiunda mashine ile kwa mikono yake, akileta kipande kimoja kimoja kutoka Nakuru, na nyaya za ndani akazifunga kwa uzi wa gunia. Linah aliona kwamba Khaemba akiingiza bisibisi mle ndani, atakuwa anamfukua mtu. Ujinga? Pengine. Lakini mwanamke aliyependa hasikii hesabu za fundi, na Linah alimpenda mume wake sana. Kwa hiyo alingoja, akasahau kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na si lazima yawe matumbo ya anayengoja.

Siku ya Ijumaa, Mzee Kimaiyo akiwa azikwe kesho yake, mwanawe Kiprotich alituma ujumbe. Alikuwa ameshapitisha programu. Sasa alitaka kitu kimoja kibadilishwe. Mzee alikuwa na binti aliyemzaa kabla hajaoa, na mwanamke wa Dundori. Alimpa jina yeye mwenyewe, Jeruto, kisha akaenda zake asirudi. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema.

Linah alilichapa jina lile juu kabisa, juu ya la Kiprotich. Skrini ikageuka nyeupe, ikabaki hivyo. Alingoja, akazima, akawasha tena. Ilipoamka alifungua programu, akaona picha ya mzee imekaa vizuri pale mbele. Ukurasa wa majina ulikuwa wa tatu, na kwa zile picha zote kila ukurasa ulichukua dakika zake kufunguka. Nje gari lililotumwa kuchukua programu lilikuwa likipiga honi. Si nimeliandika kwa vidole vyangu mwenyewe, akajiambia. Akachapa nakala mia mbili.

Jumanne Jeruto aliingia dukani. Linah hakuwa amewahi kumwona, lakini uso ulikuwa wa Mzee Kimaiyo mtupu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kitambaa cheusi kichwani, programu mkononi.

"Habari yako, mama. Ni wewe ulichapa hii?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Jeruto. Nimetoka Lanet. Kiprotich alinipigia simu akaniambia nikuje, niko kwa programu, tena wa kwanza. Nikakuja na mtoto wangu, nikamshonea nguo. Wakaanza kuita watoto watupe udongo. Wakaita wote sita. Mimi nikabaki nimesimama na majirani. Kiprotich aliinuka aseme kitu, wazee wakamwambia tufuate programu. Nikamwambia mbele ya watu ni muongo. Nikamtukana, mama, karibu na kaburi. Sasa nataka kujua tu. Alikuambia uniweke, ama hakukuambia?"

Linah angeweza kunyamaza. Ugomvi wa watu na boma lao, yeye ni mchapaji tu. Angeweza kusema hakumbuki, na Jeruto angeshuka Lanet akiwa na hakika kwamba ndugu yake ni mwongo, wala duka lisingepoteza mteja. Aliliwaza jambo hilo, tena si kwa sekunde moja. Kisha aliona aibu.

"Aliniambia," alisema. "Nikaandika, mashine ikakwama, haikuwa imehifadhi. Sikurudi kuangalia. Makosa ni yangu, si yake."

Akafungua simu, akautafuta ujumbe, akampa. Jeruto alisoma: *Mama, ongeza Jeruto awe wa kwanza. Baba alisema hospitalini, kwa mdomo wake.*

Aliusoma tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja akausoma mara ya tatu, midomo ikicheza kama ya mtoto anayejifunza kusoma.

"Kumbe alisema," akanong'ona.

"Nitazichapa upya," Linah aliharakisha. "Zote mia mbili, bure kabisa, jina lako juu."

Jeruto alimrudishia simu. "Nitampatia nani, mama? Watu walishaenda nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu. Alisimama, akauliza njia ya kwenda kwa Kiprotich, akasema anataka kumwomba msamaha, akatoka.

Linah alimpigia Khaemba simu. Fundi alifika kesho yake, akafungua kasha, akaona zile nyaya na uzi wake, akasita.

"Mathe, nikiweka hizi mpya hii kazi ya mzee wako nitakata. Niache?"

"Kata."

Linah alikwenda kusimama mlangoni, mgongo ukiielekea meza. Alikuwa amedhani siku hiyo atamlilia Kipkemei, naye alilia kweli, lakini aliyemwona mbele ya macho yake alikuwa mwanamke wa Lanet na mtoto wa nguo mpya, wamesimama nyuma ya majirani, wakingoja kuitwa.