Kijiko Ndani ya Kikombe

Wifi alikwenda kwa mama yake na begi moja na sharti moja: kaka akipokea tena mteja kama yule wa duka la dawa, asihangaike kumfuata. Mteja yule alikuwa akipiga simu wakati wa chakula kuuliza kwa nini bluu yake si bluu ya kutosha. Miezi minane. Kaka alifikia kuweweseka usingizini, "Sawa, mkuu. Narekebisha, mkuu."

Kaka huandikia watu programu za kompyuta, peke yake, hapo sebuleni kwetu. Kuandika anajua. Kumtambua msumbufu hajui. Akisifiwa kidogo tu, kwisha habari yake. Basi tukapatana. Mimi ndiye ninayefungua mlango na kuleta chai, na kwa kuwa mbele ya wageni ulimi wangu hufunga duka, ningesema kwa kijiko cha mgeni. Kikiwa kwenye kisosi, mpokee. Kikiwa ndani ya kikombe, mkimbie.

Jumanne akaja mwenye duka la magodoro, viatu vinang'aa kuliko kioo chetu. Kabla hajakaa alishasema ni kikazi kidogo tu cha kupokea oda, kwamba mpwa wake angekimaliza kwa nusu saa ila ana mitihani, na kwamba mafundi watatu waliotangulia walikuwa vichwa maji watupu. Mwanamume aliyekimbiwa na wake watatu, wa nne ajiulize. Akaongeza kuwa anachokitaka hasa hawezi kukieleza, lakini akikiona atakijua.

Nilikwenda jikoni nikatumbukiza kijiko kwenye kikombe chake mpaka kikagonga chini. Nikamwekea mbele.

Kaka alikuwa ameinamia kompyuta. Bwana Magodoro akakitazama kile kijiko kama aliyeona mende, akakichomoa, akakilaza kwenye kisosi na kukinyoosha vizuri. Ndipo kaka akainua macho. Akaona kisosi, akatabasamu hadi jino la mwisho, akaanza kunyoosha mkono wa makubaliano.

Mawazoni nilimwona wifi akifuata begi la pili. Mdomo ukanitangulia.

"Chai iko sawa, mzee?"

Kaka aligeuka kana kwamba kabati limezungumza. Mkono wake ukabaki hewani.

Bwana Magodoro akaonja. Akasema ni nzuri sana, ila iwe nyepesi kidogo. Nikaiondoa, nikaleta nyingine nyepesi. Akasema sasa imekosa nguvu, niongeze majani, tena kikombe kiwe kirefu. Nikaleta kirefu. Akauliza kama haiwezekani iwe ya moto sana lakini inyweke upesi. Kaka alikuwa ameshaushusha mkono, anaufuta kwenye suruali.

"Basi, binti, nirudishie tu ile ya kwanza."

Nilikuwa nimeifunika kwa sahani jikoni. Nikamletea ileile, imepoa kama maji ya mtungi. Akapiga funda, akafumba macho.

"Umeona? Hii ndiyo yenyewe. Ungenisikiliza tangu mwanzo, tusingepoteza muda."

Kaka akafunga kompyuta. Kwa adabu zote alimwambia kwamba kazi ile imemzidi kimo. Bwana Magodoro alisikitika, akasema alijua tu, mafundi wa siku hizi ni walewale. Akiwa kizingitini alitushauri tugeuze mlango ufungukie nje.

Wifi alirudi Ijumaa na begi lake lilelile. Alimsikiliza kaka akimsimulia habari za chai, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaangaza sebuleni, akaomba kabati lisogezwe dirishani. Likasogezwa. Akaona linaziba mwanga, likae karibu na mlango. Likakaa. Mwisho akasema afadhali lirudi pale lilipokuwa.

Kaka alilisukuma huku anapiga mluzi. Mimi nilikwenda jikoni, nikamtengenezea wifi chai, nikatumbukiza kijiko ndani ya kikombe, nikamwekea mbele. Kaka alikiona. Akakitoa mwenyewe, akakilaza kwenye kisosi.